Reginaldi Ruhimbika na Picha ya Kikao cha Wazee

Wapendwa mliokuja kutufariji, mimi ni Samsoni Muhoza, mzee wa kanisa hili na kaka wa mjane wetu Kostansia, na familia imeniomba niwasomee maisha ya shemeji yangu, Reginaldi Ruhimbika.

Reginaldi alizaliwa tarehe 3 Mei 1963 huko Nyanza-Lac, Burundi, akakimbia mauaji na mama yake mwaka 1972, akasoma shule ya msingi katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora, hadi mwaka 1980. Huko Padri Salvatori, Mwitaliano, alimfungulia kitabu cha wachoraji wa kwao wa zama hizi, makadinali wanasinzia baada ya kushiba, watawa wanagombania paja la kuku, daktari anampima mgonjwa huku jicho lake liko kwenye sahani ya mgonjwa, na padri mwenyewe akacheka mpaka machozi, akamwambia kwamba hao si maadui wa Kanisa, ni watoto wa nyumbani wanaowaonyesha wakubwa jinsi wanavyoonekana kutoka jikoni. Tangu siku hiyo alichora, kwanza kwa mkaa.

Alifunga ndoa na dada yangu tarehe 14 Novemba 1987, Mungu akawajalia Delfina na Angelika, wakarudi Burundi, vita vya 1993 vikawafukuza tena hadi kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na tarehe 14 Juni 2007 wakapokewa huku ng'ambo, mjini Louisville, ambako alifunga maboksi ghalani miaka sita.

Mwaka 2013 walimfuata Delfina aliyekuwa akisoma chuo huko Columbus, naye Reginaldi akapata kazi ya usafi chuoni hapo, mpaka mwalimu wa sanaa, Bi Agata, alipomkuta kwenye korido, ameegemea fagio, akimweleza mwenzake kwa nini kadinali fulani katika picha ya ukutani amechorwa na soksi iliyotoboka, akamwalika darasani awaeleze wanafunzi, Delfina akatafsiri, na wanafunzi wakakataa kuondoka saa ilipokwisha.

Mwaka 2014 walihamia hapa Buffalo, akafanya kazi kiwandani Tonawanda, shifti ya asubuhi, na jioni akachora. Kanisa likamwomba picha ya ukumbi, sisi wazee tukitegemea Mchungaji Mwema na kondoo, lakini Jumapili tarehe 16 Agosti 2015 alipofunua kitambaa tulijiona sisi wenyewe, tumekaa kikao cha kuamua nani atasafisha ukumbi, huku akina mama wanausafisha, na mmoja wao anainua miguu ya mzee aliyelala ili apitishe fagio. Mzee huyo alikuwa mimi, na tai yangu hii. Akina mama walicheka, nami niliamuru picha ishushwe, na kwa miezi mitano sikukanyaga nyumba ya dada yangu.

Januari 2016 madaktari walimkuta na saratani ya tumbo, Kostansia akanipigia simu, nikaenda kumpeleka hospitali kwa gari langu, na njiani Reginaldi akasema, "Shemeji, ulijitazama wewe tu. Aliyelala kando yako hukumwona?" Nilifungua stoo ya kanisa siku hiyohiyo, nikaiangalia picha vizuri, na kando yangu alikuwa Reginaldi mwenyewe, mdomo wazi kuliko wangu, amekumbatia sufuria. Nilicheka peke yangu stoo, kisha nikalia, na Jumapili iliyofuata niliitundika kwa mikono yangu, wazee wakapanga zamu ya kufagia, na zamu hiyo ipo mpaka leo.

Tulimuuguza kwa miezi minane, miezi ya upatanisho. Jumamosi tarehe 1 Oktoba aliomba penseli, akajichora amevaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, anawaamuru madaktari watatu walioshika daftari, nesi akaibandika picha hiyo mlangoni, na waliokuja kumlilia wakaingia wakicheka. Alifariki kesho yake saa nne asubuhi, tarehe 2 Oktoba 2016, mkono wake ukiwa katika mikono ya Kostansia. Ameacha mjane, mabinti wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na manesi waliokubali kuchorwa, majirani wa Lackawanna mlioleta chakula, wenzake wa Tonawanda mliomshikia kazi, na Bi Agata aliyetoka Columbus kwa gari, ambaye ameomba picha zake zikaonyeshwe chuoni, na Delfina amekubali.

Reginaldi, mume wa dada yangu, ulitupenda ukituona tulivyo, basi Mungu akupokee ulivyo, na upumzike katika amani yake.