Mzee Tipa Hazikwi Ziwani

Wewe bwana wa ofisi ya ardhi uliyekaa mstari wa mbele katika ukumbi huu wenu wa halmashauri, acha kutikisa kichwa hata sijaanza, na ninyi wa nyuma mnaonong'onezana kwamba bibi amechanganyikiwa kwa msiba, akili zangu ninazo zote, jana nilisimama pale kaburini kwa miguu yangu, na miguu hiyo ilirudi nyumbani imelowa. Wanangu walitaka historia hii isomwe na mkwe wetu mwenye sauti ya redio, nimekataa, mume ni wangu, nitamsoma mwenyewe.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mzee Tipa, alizaliwa tarehe 4 Machi 1949, mtoto wa tatu wa fundi mitumbwi, kwenye ukingo wa kusini wa ziwa, mahali ambapo leo pana kituo cha mafuta, na wakati huo ziwa lilikuwa moja, mito miwili ikiingia kwa juu, mmoja ukitoka kwa chini, na mji umelizunguka kama watu wanaoota moto.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya ziwa, kuanzia 1957 hadi 1963, akivushwa kila asubuhi na baba yake, mpaka lilipojengwa tuta la reli likalikata ziwa katikati, maji ya upande wetu yakadumaa, yakaota magugu, na baba mkwe wangu, fundi wa kusifika, akaishia kutengeneza viti vya baa.

Mwaka 1968 aliajiriwa na halmashauri ya mji kuendesha tipa, kazi yake kubeba kifusi na kukimwaga ziwani, wakaanza na kinamasi cha mtoni, eti kinazaa mbu, kumbe ndicho kilichokuwa kikichuja uchafu wa mji mzima, wakaenda ghuba ya mashariki, wakaja ya magharibi, kisha mto unaotoka wakaufungia lango la chuma, ili maji yasishuke wageni wa hotelini wakakosa cha kutazama. Sitamsafisha kwa kuwa amekufa, kazi aliipenda, alikuwa akirudi jioni ananiambia, "Mama watoto, leo nimelisogeza tena lile ziwa," nami namuuliza, "Unalisogeza liende wapi?" anacheka, anaomba maji ya kuoga.

Tulifunga ndoa tarehe 12 Juni 1971, tukajaliwa mabinti watatu, muuguzi, mwalimu na mshonaji, wote wapo hapa, na mawifi zangu waliokuwa wakiniuliza kila mwaka mtoto wa kiume yuko wapi nao wapo, karibuni sana.

Alistaafu mwaka 2004, halmashauri ikamshukuru kwa kiwanja, na kiwanja chenyewe kilikuwa juu ya ghuba ya mashariki, kifusi chake mwenyewe, tukajenga, nyumba ikaanza kuzama upande mmoja kama mtu anayesinzia, miguu ya kabati ikaoza, na mlango wa sebuleni haukufungika tena tangu mwaka wa pili. Kila masika ziwa lilikuwa likirudi kulala pake, halina pa kutokea, na halirudi peke yake, linakuja na vyoo vya hoteli.

Mei mwaka jana maji hayo yaliingia mpaka jikoni, marehemu akaugua tumbo, akapata nafuu, akaugua tena, figo zikachoka, na tarehe 9 mwezi huu alfajiri, akiwa hospitali, aliniambia, "Mama watoto, unizike pakavu," na kabla jua halijachomoza akafariki.

Ofisi ya ardhi ikatupatia kaburi kwenye makaburi mapya, na hayo makaburi mapya, bwana mkubwa, ni ghuba ya magharibi. Jana shemeji zangu walichimba, hawajafika kiunoni maji yakabubujika kutoka chini, wakayateka kwa ndoo, yakarudi, mdogo wake marehemu akainua kichwa akaniuliza, "Shemeji, tunachimba kaburi au kisima?" Wewe ukasema ni mvua, mwezi mzima haijanyesha, ukasema ramani inaonyesha nchi kavu, ingia basi ulale wewe na ramani yako. Mlimtuma aliue ziwa, mkampa nyumba ndani yake, likamuua, na sasa mnataka kumtumbukiza humo humo?

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotubebea vitanda kila mafuriko, na madereva wenzake, ambao muda huu wameshapakia jeneza kwenye tipa hapo nje. Makaburi ya zamani ya mlimani ofisi imeyafunga, inasema yamejaa, lakini ubavuni mwa mama yake pana nafasi ya mwanawe, shemeji zangu wamechimba tangu alfajiri, udongo unatimka vumbi.

Pumzika kwa amani, baba watoto, pakavu kama ulivyoomba.

Wa kufuata tipa atangulie kutoka, wa ofisi ya ardhi abaki amekaa. Mimi natoka wa mwisho, na mlango naufunga, huu wenu unafungika, nimeujaribu wakati naingia.