Benchi Lililokwenda Msibani

Kijiwe chetu kipo kwenye kona, mkabala na lango la bustani ya manispaa, pale ukuta wa duka la vifaa vya umeme unapotoa kivuli mchana. Pana birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, pana ndoo ya kusuuzia vikombe, na pana benchi. Benchi lenyewe ni zito, miguu ya chuma, mbao pana za rangi ya kijani, na Fundi Barafu, mtengeneza majokofu, ameizika miguu yake kwenye zege lisije likaibwa, kwa sababu mtaa huu, asema mwenyewe, umejaa wezi. Hapo hukaa Fundi. Hukaa Wakili, ambaye hajawahi kuwa wakili ila ana mashine ya fotokopi jirani na mahakama, na sheria zimemwingia kupitia vidole. Hukaa Refa, aliyechezesha mechi za mtaani mpaka siku alipokimbizwa na washabiki wa timu zote mbili. Filimbi bado anaivaa shingoni. Nami nipo hapo, Digrii. Jina nimepewa na hao hao. Nina shahada ya mipango miji, second class upper kabisa, na tangu nihitimu sijaupanga mji hata kwa kijiti mchangani. Kahawa anamimina Mzee Birika, mtu wa maneno machache. Kijiwe kina kanuni moja tu: jadili lolote utakalo, ila usiulize benchi limetoka wapi.

Siku hiyo mada ilijileta yenyewe. Manispaa walikuwa wamebandika tangazo langoni: bustani itaboreshwa, na mtaalamu atapita alasiri kusikiliza maoni ya wananchi.

Wakili: Ataanzia hapa. Kisheria sisi ndio wadau. Hiyo sheria nimeitoa kopi mpaka mashine ikachoka.

Refa: Akija tumpe ukweli wake. Bustani gani haina hata pa kuweka makalio? Mtazameni yule mama.

Tukatazama. Kati ya nondo za uzio alionekana mke wa marehemu Mzee Majani, anaizunguka bustani kwa fimbo. Mwaka huu alipigwa na kiharusi, mguu wa kushoto ukagoma, na hospitali wamemwambia dawa yake ni kutembea kila siku. Asipotembea, mguu ndio basi tena. Mle ndani kuna njia ya saruji, bapa, isiyopitiwa na pikipiki. Anakwenda kidogo, anaukumbatia mti, anahema, anakwenda tena. Nusu ya duara nguvu humwishia, hurudi kwake kwa lango la nyuma. Na huyo mumewe ndiye aliyekuwa mtunza bustani, tena bustani hiyo hiyo, mpaka umauti ulipomkuta mwaka juzi.

Fundi: Inauma jamani. Mjane wa mtunza bustani, ndani ya bustani, hana pa kupumzikia. Manispaa haina haya.

Wakili: Haina hata chembe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Fundi: Hiyo inaingiaje hapo?

Wakili: Inaingia vizuri tu. Maana yake adui yuko karibu kuliko unavyodhani.

Fundi akajisogeza kidogo kwenye ubao, kama aliyekalia msumari.

Refa: Mimi nawaambia mabenchi waliyauza chuma chakavu. Jamaa yangu aliliona lori.

Wakili: Limebeba mabenchi?

Refa: Limebeba turubai. Chini ya turubai unadhani kuna nini, magodoro?

Fundi: Chuma chakavu wapi. Yako shambani kwa mkubwa mmoja. Ana bwawa la samaki, kayapanga kandokando. Jioni anakaa na wageni wake wanawatazama samaki.

Refa: Samaki wanapigiwa makofi, sisi tunasimama. Kweli aliye juu mngoje chini.

Fundi: Samaki yuko juu?

Refa: Ni mfano, bwana. Usiikabe methali kooni.

Wakili: Nyote mnawaza kwa kijiko. Hii ni sera. Mtu akisimama anaiwazia miguu yake. Mtu akikaa anaiwazia serikali. Wakaona heri wananchi wasikae.

Mimi: Mbona sisi tumekaa hapa miaka na hatujawaza kitu?

Wakili: Ndiyo maana hawajatugusa.

Hata Mzee Birika alicheka, kahawa ikamwagikia kidole.

Refa: Basi niwape ya ndani kabisa. Mabenchi yale yalikuwa yanatusikiliza. Ndani ya mbao kulikuwa na kifaa. Yakajaa maneno, wakayatoa kwenda kuyamwaga.

Fundi: Kwa hiyo hata hili nalo lina...

Akakatiza. Kila mtu akageukia kikombe chake. Kimya kama hicho hakikai sana kijiweni, mtu lazima akifukuze, na siku hiyo nilikifukuza mimi.

Mimi: Shida ni hawa wanaojiita wapangaji. Wanakaa kwenye kiyoyozi wanachora bustani ya mji mwingine, copy-paste, wanabadilisha jina juu. Stakeholder engagement yao ni soda na picha ya pamoja. Wanaleta chemchemi ya kurusha maji juu wakati bomba la chini halina tone. Wangenipa mimi ile kazi, sijui kama mtaani mngenitambua.

Refa: Wewe ungeanza na nini, Digrii?

Mimi: Pa kukaa. It's basic. Mahali ambapo mgonjwa hawezi kukaa bila kulipa si bustani, ni kiwanja kilichoota majani. Mwaka wa kwanza unafundishwa hivyo.

Niliongea vizuri, sijisifu. Niliongea huku nimeegemea, mguu juu ya mguu, mkono umelala juu ya ubao wa kijani kama mwenye nyumba.

Alasiri mtaalamu akafika. Tulimtarajia mzee wa kitambi na dereva. Akaja binti mmoja kwa miguu, fulana ya kung'aa, futi ya kupimia mkononi, viatu vina vumbi la bustani. Kumbe ndani alishazunguka kabla ya kutufikia.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, mwanetu, wakajibu watatu.

Akanitazama, uso ukafunguka.

— Kaka? Si wewe uliyetusimamia kikundi tulipoingia chuo? Uliyetuambia mji hupimwa kwa idadi ya mahali pa kukaa bure?

— Ndiye mimi, nikasema.

— Hayo maneno yako nimeyatia kwenye mapendekezo yangu. Mkubwa wangu aliyapenda. Siku hizi uko wapi, kaka?

Sikuona haja ya kujibu, na yeye hakurudia, kwani birika, vikombe na saa za kazi vilishamjibu. Refa akaniokoa, au tuseme alijiokoa mwenyewe.

Refa: Andika, binti. Sisi tunataka taa kubwa za uwanja. Na skrini ya mpira.

Fundi: Na mtambo wa maji baridi. Matengenezo naweza kuyasimamia mimi.

Wakili: Na kibanda cha msaada wa kisheria, chenye umeme wa uhakika. Fotokopi inaweza kuwemo humo humo. Penye miti hapana wajenzi.

Binti: Hiyo methali nayo niandike?

Wakili: Iweke kama kiambatisho.

Akatabasamu. Kisha akauliza, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia.

— Ramani ya zamani inaonyesha mabenchi kando ya njia yote. Nimekuta matundu tu. Na si kwamba yaling'olewa kwa nguvu, nati zilifunguliwa taratibu, kwa spana. Mkubwa wangu anasema hataleta mapya kabla ya kujua ya zamani yalikwenda wapi. Yule mama mle ndani anayatamani kuliko wote. Nyinyi ndio mko langoni kila siku. Hamkuona?

Refa: Lilipita lori.

Wakili: Kuna fununu za shamba la samaki. Hatuna ushahidi, lakini fununu ipo.

Fundi akachungulia ndani ya kikombe chake. Spana ni yake.

Ilikuwa hivi. Mzee Majani alipofariki, watu walijaa uani kwake mpaka barabarani, na viti vya majirani havikutosha. Msiba ni wa wote. Fundi akachukua spana, sisi tukachukua mabega, tukayatoa mabenchi yote bustanini tukayapeleka kwa mwenyewe aliyekuwa akiyapaka rangi kila mwaka. Nilibeba nami. Palikuwa na machozi, na hakuna aliyeona ubaya. Tulisema tukishazika tutarudisha. Tukazika. Sasa nani angekwenda uani kwa mjane kuanza kukusanya mabenchi, kama anayemwambia inatosha, futa machozi? Tukaona haya, tukangoja. Mvua zikaanza. Fundi akasema hili nalihifadhi karakana, lisilowe. Wakili akalihifadhi moja nje ya fotokopi yake, wateja wakalizoea. Refa akalihifadhi nyumbani, anaanikia nguo. Mengine yalihifadhiwa na kinyozi, na fundi viatu, na fulani na fulani. Hili likahifadhiwa kijiweni. Mtaa mzima ulihifadhi mpaka bustani ikabaki na matundu.

Binti alikuwa bado anangoja jibu tulipomwona mke wa Mzee Majani langoni. Siku zote hutokea lango la nyuma. Siku hiyo nguvu zilimwishia upande wetu. Alisimama ameshika nondo, mguu ukimtetemeka, akitutazama kama mtu anayetazama ng'ambo ya mto. Binti akamkimbilia, akamshika mkono, wakavuka. Sisi tulisimama wote kwa pamoja. Huwa hatusimami. Ndiyo kwanza benchi likaonekana lote, kutoka ubao wa kwanza hadi wa mwisho, maana siku zote huwa limefunikwa na sisi.

— Karibu, mama, kaa, akasema Fundi.

Akakaa. Akavuta pumzi ndefu, akaweka fimbo magotini. Mzee Birika akampa maji. Mkono wake ukashuka ukaupapasa ubao, ukatulia mahali.

— Hili ni la kwake, akasema. Ona alivyoziba ufa huu. Alitumia gundi yangu ya viatu.

— Unalijua, mama? akauliza binti.

— Nisilijue, mwanangu? Yalikuja kwangu yote, msibani. Hawa wanangu ndio walioyaleta, na hawa ndio walioyarudisha. Niliwaona wakitoka nayo uani, mvua inawanyeshea, nikawaombea dua. Nikasema mume wangu ana watu. Wamemrudishia vitu vyake mahali pake.

Mtu akikutukana unayo ya kumjibu. Akikuombea dua kwa kitu ulichokiiba, utasema nini? Refa aliishika filimbi yake akaiingiza ndani ya shati. Wakili alikuwa anasoma tangazo la duka la umeme, bei za balbu, kwa makini.

— Baadaye manispaa wakayaondoa, akaendelea mama. Nimekuta matundu. Nikasikitika, nikasema watu wa ofisini hawana huruma. Hili nyinyi mliwahi kuliokoa, eh?

Alituuliza kwa macho ya kutusaidia. Alikuwa ameshatutengenezea uongo, mzuri, umepigwa pasi, kazi yetu ilikuwa kuuvaa tu. Nilimwona Wakili anafungua mdomo. Nikamwahi.

— Tulirudishe leo, nikasema. Liingie ndani, kwenye mti ule anaouegemea. Tushike.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, ya mtu aliyehitimu. Nikainama upande mmoja, Refa upande wa pili. Mama akataka kuinuka atupishe, binti akamzuia. Fundi hakuinama. Alikuwa anaitazama miguu ya benchi.

— Halitoki, akasema. Nilimwaga zege.

— Zege la nini, baba? akauliza mama.

— Lisije likaibwa, mama.

Binti hakucheka wala hakufoka. Alikuwa mgeni mtaani na alitaka kuelewa tu. Akaitazama barabara juu na chini, maduka, kinyozi, karakana, akamgeukia Fundi.

— Likaibwa na nani?

Fundi akamtazama Refa. Refa akamtazama Wakili. Wakili akanitazama mimi, mwenye elimu. Mzee Birika aliinamisha birika juu ya kikombe, likatoa mashapo ya kahawa tu, akalirudisha jikoni pamoja na kwamba halina kitu.

Mama alikuwa wa kwanza kuacha kungoja jibu. Niliuona uso wake unapoacha: hakukasirika, aliugeuza tu, akatazama ndani kupitia nondo, kwenye matundu. Mkono aliokuwa ameuweka kwenye ubao akauondoa, akaulaza juu ya fimbo yake.

Benchi lile linaenea watu watano. Alikaa peke yake mpaka mguu ukatulia, nasi wanne tukiwa wima mbele yake, vikombe vitupu mkononi, kama tuliokuja kumpa pole tukakuta hakuna pa kukaa.