Bi Mwaisha binti Waziri, Aliyetupatia Kijiji cha Kobe

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, anayetoa na kutwaa bila kuulizwa. Ndugu, jamaa na majirani, tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kupita njia yenye matope ili kumsindikiza mama yetu. Haya ni maelezo mafupi ya maisha yake, yaliyoandikwa na mtoto wa kaka yake kwa niaba ya ukoo.

Bi Mwaisha alizaliwa Mikindani, kwa hesabu za wazee mwaka 1916, wakati Waingereza walipokuwa wakiwafukuza Wajerumani. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Waziri Mkwanda na marehemu Bi Hamida. Aliyemfuata, na ambaye yeye Mwaisha alimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea, alikuwa mdogo wake Somoe. Mtaani waliwaita kwa jina moja, Mwaisha-na-Somoe, kwa sababu ukimwona mmoja hukuwa na haja ya kumtafuta mwingine.

Shule ya serikali hakwenda. Alisoma chuo cha Kurani hapo hapo Mikindani na akahitimu kabla ya kaka yake, jambo ambalo kaka yake huyo, baba yangu Mzee Omari, hakupenda likumbushwe mbele ya wageni. Huko chuoni ndiko alikoanza kusimulia. Watoto walikaa chini wakisuka ukili wa mkeka wa mwalimu, na yeye akawapa kijiji chake: kijiji cha wanyama wasemao, chenye Kanga na vifaranga wake, Nguchiro asingiziwaye kila kitu, Nungunungu mwenye haya, na Kobe.

Wengi wenu mlikua katika kijiji hicho, lakini nitakisema kwa ajili ya wageni. Kila hadithi ilianza kwa kitu kupotea, nacho kilikuwa kitu kidogo: mchi, ungo, yai, ufagio. Kijiji kizima kilimtazama Nguchiro. Hapo Kobe alivaa kofia yake akaenda nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni alisema maneno yale yale: "Hodi. Nimekuja kuuliza, sikuja kushitaki." Alipewa kigoda, akapewa maji, akasikiliza habari za mgonjwa na za mvua, na kabla jua halijachwa kitu kilionekana. Mchi alikuwa nao Nungunungu, ambaye mama yake alikuwa hana meno tena, hawezi kula kisichotwangwa, naye akaona aibu kuazima. Basi walitwanga wote, wakala wote, na Nguchiro akaombwa radhi. Hapakuwa na mtu aliyekufa katika kijiji kile, wala aliyefukuzwa.

Mwaka 1934 aliolewa na Mzee Chande Nambunga, mkulima wa upande wa Mahurunga, akahamia kwake. Walijaliwa watoto wanne. Wawili Mungu aliwachukua wachanga. Wakabaki Rehema, aliyezaliwa mwaka 1938, na Thabiti, aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1943. Kazi yake ilikuwa shamba: muhogo, mikorosho, na mpunga kidogo bondeni mto unapopungua. Mikeka yake iliuzwa mpaka Msimbati. Jioni watu walikusanyika uani kwake kubangua korosho, mikono myeusi kwa mafuta ya maganda, na hadithi ndiyo iliyowafanya wasihesabu ndoo. Ilikuwa desturi ya ua ule kwamba asiyebangua hasikilizi.

Mzee Chande alipenda kumchokoza. "Mke wangu, hao wanyama wako kutwa wanatafuta mchi. Shamba lao nani analilima?"

"Na lako nani analilima?" alijibu Bi Mwaisha bila kuinua macho. "Nguruwe wako kwenye muhogo tangu magharibi, na wewe umekaa hapa unamsikiliza Kobe."

Thabiti akiwa mdogo hakuridhika na mwisho wa hadithi. Aliuliza, "Mama, kwa nini hawampigi mwizi?"

"Wakimpiga leo, kesho atawaambia nini?"

Mtoto alifikiri, akabangua korosho moja, akasema, "Hatawaambia kitu."

"Basi."

Neno hilo lilimwingia. Thabiti alikua mtu wa kuuliza. Mbuzi wa jirani wakila muhogo, alikwenda kwa mwenye mbuzi, akakaa, akanywa maji, akauliza. Watu walimtania kwa kumwita Kobe naye akaitika. Baada ya Mzee Chande kufariki mwaka 1961, yeye ndiye aliyeshika shamba. Mwaka 1965 alimwoa Hamisa binti Mfaume wa Msimbati, na mwaka uliofuata walipata binti, Fatuma.

Wakati huo vita ya ng'ambo, ya watu wa huko kumfukuza mkoloni, ilikuwa imekwisha kufika ukingoni mwa mto. Somoe, yule mdogo wake wa mgongoni, alikuwa ameolewa ng'ambo ya Ruvuma, mwendo wa asubuhi moja kutoka mtoni. Watu wa huko walivuka kuja kwetu na watoto na vyungu, na Bi Mwaisha alikwenda kumtazama kila aliyeshuka. Somoe hakuwamo. Septemba 1967, mto ulipokuwa chini, Thabiti alimwambia mama yake:

"Nakwenda kumwuliza mama mdogo kama anakuja au haji."

"Huko kuna vita, Thabiti."

"Nitabisha hodi, nitauliza, nitarudi. Kobe hafanyi hivyo hivyo?"

"Kobe ana gamba."

"Na mimi nina miguu. Kobe angepewa miguu hii angekuwa anarudi adhuhuri."

Bi Mwaisha akacheka, akamfungia muhogo wa kuchoma na samaki mkavu. Mwenye mtumbwi alimvusha salama na kumwona akipanda ukingo wa pili. Baada ya hapo hakuna aliyemwona.

Ndugu zangu, mambo mengine yote ya maisha ya mama huyu, tangu siku ile hadi jana, yalikuwa jambo hilo moja. Alikwenda kwenye makazi ya wakimbizi, alikwenda Msimbati, alikwenda Mtwara mjini kwa miguu na kwa malori ya korosho. Mlangoni hakujua maneno mengine ya kusema isipokuwa yale: "Hodi. Nimekuja kuuliza, sikuja kushitaki." Watu wazima walitikisa kichwa. Watoto, waliokwisha kusikia habari zake, walimwambia, "Bibi, wewe ndiye wa Kobe," wakamletea kigoda wenyewe. Akakaa, akawasimulia.

Wako waliomshangaa: mama aliyepotelewa na mtoto anawezaje kusimulia habari za ungo uliopotea? Lakini waliouliza hivyo hawakuwatazama wale watoto. Walikuwa wametoka mahali ambapo kilichopotea hakitafutwi, maana aliyekipoteza naye amepotea. Walichokipenda katika kijiji cha Kobe ni kwamba mchi mmoja ukikosekana kila mtu anaacha kazi yake, na kila mlango una mtu ndani wa kuitikia hodi. Siku moja binti wa wakimbizi aitwaye Maria alimkatiza katikati.

"Bibi, huko kwao ndege hazipiti?"

"Hupita. Kunguru, na njiwa."

"Si hizo."

"Nyingine hawana."

"Basi tupeleke," Maria akasema.

Bi Mwaisha alimalizia hadithi, kwa sababu hakuwahi kuiacha hadithi njiani, kisha akarudi nyumbani na hakula siku ile.

Miaka ikapita hivyo. Sheikh Ismaili, ambaye tunaye hapa, alimweleza kwa upole hukumu ya mume aliyepotea: kwamba mke hafungwi milele, kwamba muda ukitimia shauri hupelekwa kwa kadhi, mke akakaa eda kama mjane, kisha akawa huru. Hamisa alikuwa bado kijana. Yeye mwenyewe alisema hatakaa eda mpaka mama mkwe aridhie, kwani aliye hai haliliwi. Na Bi Mwaisha hakuridhia. Hatukufanya matanga. Katika hitma za ukoo, jina la Thabiti lilipotajwa pamoja na marehemu, alilikatiza: "Huyo yuko safarini." Yeye na Hamisa waliishi nyumba moja, wakilima jembe kwa jembe, na hakuna aliyemsikia mmoja akimlaumu mwenziwe. Aliyewasaidia ni Stefano, mkimbizi Mmakonde aliyejenga jirani nao, akawa anamwita mama.

Agosti 1974 sisi sote tulihamishiwa kijiji kipya cha ujamaa. Vijana walikuja kuvunja nyumba ili miti na makuti yakajengewe huko. Bi Mwaisha hakubisha. Alimwambia katibu wa kijiji, ndugu Erasto, "Nyumba vunjeni. Mafiga yaacheni."

"Mama, mafiga bila nyumba ni ya nini?"

"Ya mtu atakayekuja na njaa. Akiyakuta atajua hatukufa, tumehama."

Ndugu Erasto aliwaambia vijana wayaache. Mawe yale matatu, ambayo Mzee Chande alimletea bibi arusi wake kutoka mtoni, yakabaki peke yake uani, katikati ya majivu. Kijijini Bi Mwaisha alipikia juu ya vipande vya kichuguu, vikimomonyoka kila mvua.

Mwezi uliofuata vita ya ng'ambo ikakoma. Sote tulifurahi, na yeye alifurahi kuliko sisi. Alishona mkeka mpya, akafua kanzu ya Thabiti iliyokuwa sandukuni. Stefano alipokwenda kutazama kwao, Bi Mwaisha alimsindikiza hadi mtoni na kumwelekeza: visima, kisha njia panda, kisha nyumba ya Somoe yenye mlango wa kusini. "Ukifika usianze kwa swali. Kaa kwanza. Unywe maji."

Stefano alirudi katikati ya Desemba. Alimkuta anachambua mboga na Hamisa.

"Umeuliza?"

"Nimefika, mama."

"Sikusema kufika. Umeuliza?"

Stefano akavua kofia. "Hapana nyumba, mama. Tangu mtoni mpaka visimani, na kupita visima, hapana nyumba hata moja. Pori limefunga. Nilisimama pale uliponielekeza nikapiga hodi. Nikaona haya, nikanyamaza."

"Ulipiga hodi?"

"Nilipiga."

"Vyema," alisema Bi Mwaisha, akamaliza kuchambua mboga.

Zikapita siku kadhaa. Kisha asubuhi moja alimwita Hamisa. "Mwanangu, nenda na Fatuma kule shambani mkalete mafiga. Mvua inaniharibia udongo." Hamisa alielewa. Alianza kulia kabla hajafika njiani, na waliokutana naye akirudi, jiwe kichwani na binti yake nyuma na jiwe lake, hawakumwuliza kitu. Jiwe la tatu Stefano alilifuata baadaye. Sheikh Ismaili alilipeleka shauri kwa kadhi, na kabla mwaka haujaisha Hamisa aliingia eda. Matanga ya Thabiti yalifanywa, miaka saba na zaidi baada ya muhogo ule wa kuchoma.

Watoto waliendelea kuja jioni. Bi Mwaisha aliwapa korosho na kuwarudisha nyumbani bila hadithi.

Januari miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kuwa fupi. Tarehe 17 Februari alilazwa hospitalini Mtwara, ambako madaktari na wauguzi walimhudumia kwa kadiri walivyoweza, nasi tunawashukuru. Rehema alikuwa naye usiku na mchana. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama wa Mikindani, alimtambua na kumwomba, "Bi Mwaisha, tupe moja tu, tusahau haya maumivu."

"Kobe kaingia ndani, mwenzangu."

"Basi mbishie hodi."

"Nimembishia," alisema. "Haitiki."

Alifariki jana, Alhamisi tarehe 6 Machi 1975, katika mwezi wa Mfunguo Tano, baada ya sala ya alfajiri, akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Kalima aliitamka mwenyewe.

Marehemu ameacha kaka mmoja, Mzee Omari Waziri, binti mmoja, Rehema, mkwe, Hamisa, ambaye yumo ndani ya eda na hakuweza kumwuguza kama alivyotaka, mjukuu, Fatuma, Stefano, aliyemwita mama, na sisi watoto wa kaka yake. Mdogo wake Somoe hatuna habari zake, nasi hatuna wa kumwuliza. Waliomtangulia ni wazazi wake, mumewe Mzee Chande, watoto wake wawili wachanga, na mwanawe Thabiti. Ukoo ulijadiliana kama jina hilo la mwisho liandikwe hapa au lisiandikwe popote. Tumeliandika hapa kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyelihamisha, siku alipotuma mafiga yaletwe.

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na njia ni moja. Tunamwomba aipanue nafasi tuliyomchimbia leo, amsamehe, amkutanishe na wake. Bi Mwaisha amebisha hodi ya mwisho. Aitikiwe, apumzike.