Kumpandisha Mama Mkwe

Pale Butembo, barabara inapoteremka kutoka sokoni, mbele ya meza ya kahawa ya Marie-Jeanne, kuna kiti kirefu cha mbao za mkaratusi chenye miguu minne na wakaaji watatu. Wa kwanza ni Difu, dereva mstaafu wa malori, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila ugonjwa wa gari, na hata wa mtu, yeye huanza kuutafuta kwenye difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Wa pili ni Maître Maliro, mwalimu wa fizikia. Wa tatu ni Pasta Nusu, aliyesoma shule ya Biblia miaka miwili kati ya minne. Hakuna tatizo la mtu mwingine lililowahi kuwashinda watu hawa. Jumamosi moja saa moja asubuhi, Josaphat aliwaletea la kwake, na kwa bahati mbaya alikuwa na haraka.

Josaphat ana jeep. Kwa ajili ya tope la njia ya Lubero, anakonunua viazi, alimwomba fundi aiinue kidogo. Fundi mwenyewe hajui maana ya kidogo, akaiinua mpaka sakafu yake ikafika kiunoni mwa mtu mzima. Tangu siku ile kijiweni wakamwita Etaje, yaani ghorofa. Tope lilisalimu amri, akabaki mama mkwe.

Mama Kavuo alikuwa na miaka sabini na magoti mabovu, na Jumapili hiyo mwanawe Timothée angewekewa mikono kuwa mchungaji huko Beni. Séphora, mke wa Josaphat, alikuwa ametangulia kupika, kwa hiyo kazi ya kumfikisha mama ilibaki kwa mkwe. Na kwa mila ya huku, Mnande aliyelelewa vizuri hamgusi mama mkwe wake. Humsalimia kwa mbali, macho chini, na humpisha njiani. Kumshika kiuno na kumnyanyua mbele ya watu, afadhali uhame mji.

Noeli iliyopita wanakwaya walijaribu kumsukuma mama ndani ya jeep kwa nyuma kama gunia la maharagwe, naye akawaambia wamwache. Josaphat akaleta kasha tupu la chupa za bia ili akanyage, na hapo mama akakataa zaidi, maana mama wa kanisa hapandi popote kwa kukanyaga pombe. Akaenda Beni kwa pikipiki, kilomita hamsini na kitu, kitambaa cha kichwa kikipepea. Ukoo mzima ukasema mkwe wao ana jeep ya kutazamwa tu, na maneno hayo yanamchoma Josaphat mpaka leo.

— Akienda tena na moto, ile pikipiki, mimi sina uso ya kuingia mule kwao, aliwaambia. Na anafika hapa saa tatu.

— Saa tatu iko mbali, akasema Difu. Marie-Jeanne, weka kahawa.

Ikawekwa, na Difu akaanza.

— Toa upepo mu mipira yote ine. Jeep itashuka.

— Itashuka vidole mbili, akasema Maître Maliro. Goti ya mama inaomba mingi.

— Donc beba sima ya kujenga. Mifuko makumi mbili pale nyuma, ressorts, zile springi za chini, zinalala. Mama anapanda, tunashusha sima.

— Mais ukishusha sima, ressorts zinaamuka. Mama anagonga kichwa ku plafond. Hiyo ni loi ya physique, haiko mawazo yangu.

Josaphat aliuliza kama hawezi kuchomelea tu kipandio cha chuma chini ya mlango. Wakamtazama kwa huruma. Kipandio kinachoning'inia kingenasa kwenye shimo la kwanza la njia ya Lubero, na sasa hiyo jeep aliiinulia nini? Maître yeye alipendekeza ubao mrefu juu ya jiwe, mama upande mmoja, wanaume wawili wanene waruke upande wa pili. Alichora kwa mkaa kwenye meza ya Marie-Jeanne jinsi mama atakavyopanda. Alipoulizwa mama atatua wapi, akajibu kwamba somo hilo ni la mwaka unaofuata.

— Na ngazi ya mbao? akauliza Josaphat.

— Hapana ngazi, akasema Pasta Nusu. Bazee balisema, mupanda ngazi anashuka.

Hakuna aliyemuuliza ana maana gani. Huwa hawamuulizi.

— Balisema tena, mugeni siku mbili, siku ya tatu umupatie jembe.

— Mama mukwe yangu alime?

— Jembe ni yako, Etaje. Unachimba mashimo ine, moja ya kila mupira. Jeep inaingia mu udongo, mulango inakuja chini yenyewe.

— Na kutoka mule mu shimo?

— Si uliiinua juu ya kutoka mu mashimo?

Josaphat aliona neno hilo lina akili, na akajiogopa. Alikuwa amekwisha kumwomba Marie-Jeanne jembe, ndipo macho yake yakaangukia ng'ambo ya barabara. Butembo ni vilima vitupu. Kila kiwanja kimekatwa ubavuni mwa kilima, na pale ng'ambo palikuwa na ukingo wa udongo, juu yake kikipita kijia cha majirani. Akaisogeza jeep mpaka ikagusana na ukingo. Kijia na sakafu ya jeep vikawa sawasawa.

Pasta Nusu akatumwa kujaribu. Alizunguka, akafuata kijia, akaingia ndani kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Difu alisema ndicho alichokuwa akimaanisha tangu mwanzo. Wakapeana mikono, wakaagiza kahawa nyingine kwa heshima ya akili zao.

Saa tatu Mama Kavuo akafika, na kitabu chake cha nyimbo kwapani. Josaphat akajitenga, macho chini, akamwonyesha kijia. Mama akapanda polepole, akahamisha mguu mmoja, akahamisha wa pili, akakaa. Josaphat nusura alie kwa furaha. Alikuwa amekwisha kuwasha moto wa gari, mama aliposema, akitazama mbele:

— Kule Beni ni plat, hakuna kilima. Nitashukia wapi?

Wote walizaliwa kwenye mteremko, na haikuwa imewaingia akilini kwamba Mungu aliumba pia ardhi ya namna nyingine. Maître akafuta miwani. Pasta Nusu alifungua kinywa, akakumbuka methali yake ya ngazi, akakifunga. Difu akanyoosha kikombe, Marie-Jeanne akainamisha chupa ya kahawa, lakini haikutoka hata tone.

— Tuchimbe na kule, akasema Difu kwa sauti ndogo.

Mama Kavuo akawatazama kupitia dirishani, mmoja baada ya mwingine, kisha akatazama chini yao.

— Ile kiti munakalia inabeba wanaume batatu. Mimi mutu moja, itashindwa?

Wakasimama wote watatu. Josaphat akakifunga kiti juu ya jeep kwa kamba, naye Marie-Jeanne akasema anakitaka Jumatatu.

Beni, katika kata ya Ruwenzori, ukoo wote ulikuwa umejipanga mbele ya nyumba ya Timothée kuona mama atashukaje. Josaphat akaweka kiti chini ya mlango, akapiga magoti vumbini, akashika miguu ya kiti kwa mikono miwili. Aliona kiatu cheusi kikitua juu ya ubao, kikingoja, kisha kikashuka ardhini. Hakuna mtu aliyemgusa mama. Ndipo akasikia sauti juu ya kichwa chake:

— Umenishika muzuri, mutoto yangu.

Alibaki amepiga magoti muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana machozi yalikuwa yamemjia na hakutaka shemeji zake wayaone. Simu ikalia mfukoni. Alikuwa ni Difu, akipiga kutoka Butembo.

— Etaje, kiti inarudi lini? Tangu uende tunasimama tu, hatujapata hata wazo moja.