Soksi za Mke wa Mwalimu Minyoo

Wasifu huu umeandikwa na mjane wa marehemu kwa mkono wake, na unasomwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Ameagizwa asiruke mstari hata mmoja, hata pale atakapoona haya.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa seremala na mkewe, katika nyumba ya mwisho kabla ya bwawa. Humo bwawani ndimo walimooga, wakafua na kucheza.

Alianza darasa la kwanza Januari 1968. Darasa la tatu alilisoma mara mbili. Kila mchana alisinzia, na kila aliposinzia alichapwa kwa uvivu, mpaka mama yake alipompeleka zahanati ikaonekana ni safura. Minyoo ilikuwa imemwingilia nyayoni, maana chooni alikwenda pekupeku, ikamnyonya damu mwaka mzima. Fimbo zile hakuzisahau. Alihitimu chuo cha ualimu tarehe 29 Novemba 1985.

Januari iliyofuata aliripoti katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, na hakuhama mpaka alipostaafu mwaka 2021. Aliikuta na wanafunzi mia saba, matundu manne ya choo yasiyo na milango, na bomba moja lililotoa maji Jumatatu na Alhamisi, tena likijisikia. Wasichana wakubwa walibana haja mpaka saa ya kwenda nyumbani. Alifundisha sayansi, lakini hasa alihubiri mambo matatu: nawa mikono, vaa viatu, kunywa dawa ya minyoo. Watoto wakamwita Mwalimu Minyoo, naye akaitika. Leo shule ina matundu ishirini na mawili, yote yana milango, na tangi la maji ya mvua. Usione vyaelea, vimeundwa. Na hivi viliundwa kwa Jumamosi zilizokuwa haki ya mtu mwingine.

Mtu huyo ni mkewe. Walikutana mwaka 1990, marehemu alipoingia katika chumba cha kushonea cha mkewe huyo kuagiza mapazia manne.

"Ya dirishani?" fundi akauliza.

"Ya chooni," akajibu, bila hata kucheka.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Desemba 1991. Bibi harusi alijua tangu mwanzo kwamba vyoo vilimtangulia. Lakini kujua si kuzoea.

Mwaka 1994 soksi zake ndefu za nailoni zilianza kupotea, moja leo, nyingine wiki ijayo. Mume naye akawa anatoka nyumbani kabla hata chai haijachemka. Jirani akanong'ona habari za mwalimu mgeni wa darasa la pili. Lisemwalo lipo. Asubuhi moja mkewe akajifunga kibwebwe, akamfuata nyuma nyuma mpaka uwanja wa shule. Hapo akaziona soksi zake, zote nane, zinaning'inia kando ya madumu ya kunawia yaliyotobolewa, kila moja na kipande cha sabuni ndani.

"Nikiiacha wazi kunguru wanabeba," mumewe akajitetea. "Humu mtoto anasugua tu juu, povu linatoka."

"Na mimi nivae nini?"

"Mke wangu, miguu kama hiyo nayo inafichwa?"

Alicheka, mjane anakiri. Njiani kurudi alilia. Mwanamke mwenzake angemfukuza; watoto mia saba angewafukuzia wapi? Aliwaonea wivu, na bado anawaonea. Kila Ijumaa marehemu alikagua kucha za darasa zima, moja moja, kwa subira. Kumbukumbu ya miaka ishirini ya ndoa aliisahau, kwa sababu siku hiyo lilikuwa linanyonywa shimo la choo.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa ini. Daktari alisema ni makovu ya kichocho cha utotoni, na marehemu akasema, "Lile bwawa." Alilazwa mara tatu. Mkewe alimuuguza, na katika uchungu wote ule alifurahia jambo moja, kwamba sasa alikuwa naye peke yake.

Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, alifumbua macho akauliza, "Watoto wameshakunywa dawa?"

"Wameshakunywa," mkewe akajibu, wala hakuwa na habari.

Marehemu akaushika mkono wa mkewe, akaugeuza, akazitazama kucha, akatabasamu. Ndivyo alivyoaga. Mpaka leo mjane hajui alishikwa mkono kama mke au kama mwanafunzi.

Shule iliomba mwili upitie pale uagwe. Mjane alikataa. Alimwambia mwalimu mkuu, "Mmekaa naye miaka thelathini na tano. Leo niachieni."

Marehemu ameacha mjane, aliyeomba atajwe wa kwanza, watoto wawili, mjukuu mmoja na mdogo wake anayesoma. Baada ya hao, na si kabla yao, ameacha wanafunzi wake.

Mkitoka kaburini mtakuta madumu mawili getini. Naweni. Sabuni imo ndani ya soksi ndefu nyeusi, mpya, zilizonunuliwa juzi ili zivaliwe leo. Mkimwona mjane amesimama na miguu mitupu, msimshangae. Viatu amevaa, marehemu asingekubali akanyage udongo huu pekupeku.

Apumzike kwa amani, mume wa mtu.