Choo Bila Ndoo ya Taka

Dada zangu, waliookoka nawasalimu, Waislamu nawasalimu, na wewe uliyekuja kwa sababu ya pilau nimekuona, nakusalimu pia. Mimi sikusoma, kwa hivyo sina karatasi ya kushika hapa mbele. Nina mdomo tu. Na hata huo mdomo kuna siku ulinikataa.

Wengi mnajua napika kwa nyumba moja ya Waarabu kule Al Wukair, mvi zote hizi zimeniotea humo. Mwaka jana madam akaongeza binti wa kusafisha, wa kwetu Kenya, mpole hata unaweza kumkalia ukidhani ni mto. Tukawa tunalala naye chumba cha nyuma. Choo tunacho, lakini ndoo ya taka hakuna. Madam hataki. "Ndoo huko nyuma? Laa! Mende! Harufu! Taka zote jikoni, khalas!" Ndivyo anavyosema, na kidole juu hivi.

Mimi ndoo ya nini? Siku zangu ziliisha kitambo, mambo ya pedi niliwaachia nyinyi. Lakini binti zikimfika siku zake afanye nini? Kutoka choo chetu mpaka jikoni unakatiza uwanja, na pale uwanjani anakaa dereva na chai yake, mwanaume wa kwetu, macho kama taa za lori. Tena yeye ndiye humwaga taka za jikoni. Haya, nyinyi wenyewe mngepita pale na kifurushi? Basi binti akawa anazitupa chooni, anaflashi, anamwachia Mungu. Mimi sikujua.

Nawaambia, pedi haiyeyuki. Inakunywa maji, inanenepa, inakaa ndani ya bomba kama mgeni asiyejua kuaga.

Alhamisi moja madam ana wageni, wanawake wa dhahabu na udi. Choo cha wageni, chenye bomba moja na chetu, kikaanza kurudisha. Maji meusi mpaka kwa zulia! Fundi akaitwa, Mhindi mmoja mtaratibu, akaingiza waya, akavuta. "Mama, mushkil! Mushkil kabir!" Akazipanga pale uwanjani, zimevimba kama mkate ulioangukia chai. Wageni wanachungulia dirishani. Mnacheka? Chekeni. Siku ile hakuna aliyecheka.

Tukasimamishwa ukutani, mimi na binti. "Nani?"

Ndugu zangu, hebu nifikirieni hapo. Tuko wawili. Nikisema, "Madam, mimi mzee, hayo yalinipita," nimemnyooshea binti kidole. Nikinyamaza, tunarudishwa Kenya sote. Yeye amemwachia mama yake mtoto anayenyonya. Mimi nina wajukuu nawasomesha, waipate ile shule iliyonipita. Mdomo huu unaoiga kila mtu ukatafuta sauti, hata yangu haukuipata. Nikaangalia vidole vya miguu.

Simu zikachukuliwa, tukafungiwa chumbani. Asubuhi akaja mtu wa ofisi iliyotuleta, anachezesha funguo za gari. "Haya, nani? Nina kazi nyingine mimi." Binti, ambaye hata chumvi huiomba kwa kunong'ona, akasema, "Ni mimi."

Basi. Akaingizwa kwa gari na begi lake, akangoje ofisini kwao tiketi ya kurudi Kenya. Mimi nikaamriwa jikoni, nimeganda mlangoni na mwiko mkononi.

Nikaendelea kupika, nini kingine? Mara chumvi hakuna, mara chumvi mbili. Sasa mle ndani kuna mama yake madam, Bibi, ambaye jioni namkanda miguu. Yeye Kiswahili hajui, na Kiarabu changu ni cha jikoni: kitunguu, wali, moto. Jioni moja akaniuliza kwa mikono, yule binti yuko wapi? Nimweleze vipi? Nikasimama, nikaigiza. Nikawa binti, nimeficha kitu chini ya nguo, mabega masikioni. Nikawa dereva, fuuu kwa chai, macho hivi! Nikawa binti anarudi mbio chooni. Nikawa choo chenyewe, gruuu! Bibi akacheka mpaka shela ikamwanguka. Halafu nikawa binti ndani ya gari, uso kwa kioo. Bibi akaacha kucheka.

Akashika ncha ya shela, akaikunja, akaikunja tena. Akajigusa chini ya tumbo. Akafanya kama anafua, akaonyesha jua. Nikaelewa. Ujana wake walitumia vitambaa kama sisi. Akamwita bintiye kwa nguvu. Waliyosemezana yalinipita, Kiarabu kinakimbia, lakini madam alijibu kwa sauti ndogo, ndogo, ambayo mpaka leo nimeshindwa kuiiga.

Binti akarudishwa kwetu kutoka ofisini. Ndoo yenye kifuniko ikaja. Lakini msinipigie makofi. Bibi angekuwa amenuna jioni ile, asitake kuniangalia, binti angekuwa kwao saa hii, na mimi niko na mwiko wangu. Sisi huko ndani tunaishi hivyo.

Dada nesi, unayejificha nyuma ya nguzo, asante. Wewe ndiye ulituletea pedi za kitambaa. "Maji baridi kwanza, mama, halafu sabuni, halafu jua! Usianike chini ya shuka!" Kwa sababu binti alikuwa anazificha chini ya shuka, hazikauki, akawashwa mpaka akalia. Sasa anaanika juani, na jua la hapa linakausha hata mawazo. Anayetaka za dukani atumie, lakini akunje, afunge kwa karatasi, ndani ya ndoo. Chooni, hapana.

Bibi, Mungu akupe miguu. Na binti, yuko hapa, simtaji, rudisheni shingo zenu mbele! Binti yangu, asante. Ulisema "ni mimi" wakati mtu mzima kama mimi amemeza ulimi.

Nawaachia hili. Ukifika nyumba mpya, kabla hujauliza Wi-Fi ya simu, uliza ndoo ya taka ya chooni iko wapi. Ukiona aibu kufungua mdomo, niite. Nitakuja niulize kwa sauti yako, na hakuna atakayejua si wewe.