Shimo Namba Kumi na Tisa

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara mlioketi kivulini, ndugu wahandisi, madereva, wapishi wa kambi na walinzi, shemeji yangu, mjane wa marehemu, na wewe binti yetu uliyeifuata kazi ya baba yako: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Mshereheshaji amenipa dakika tano. Mimi nimechoronga ardhi kwa mashine miaka thelathini na minne, mashimo mia nne na ushee, na hakuna hata moja nililolimaliza kwa dakika tano. Anivumilie.

Leo ni mwezi mmoja tangu tumzike mjiolojia wetu. Sisi wa mashine tulimwita Sheikh Nyundo, kwa sababu kiunoni alining'iniza nyundo ya kupasulia mawe, na ndani ya mkoba wake hamkukosa msala wa kuswalia. Niwaulize nyinyi wasomi: ni wangapi mnaokumbuka kwamba kwenye vilima vyenye chuma dira hudanganya? Yeye hakusahau. Saa ya swala aliirudisha dira mfukoni, akasimamisha kijiti, akakisoma kivuli chake, ndipo akaelekea kibla. Siku moja nikamwambia, "Sheikh, ukikosea kidogo tu Mungu si atakuelewa?" Akanijibu, "Atanielewa, kaka. Ataelewa kwamba nilikuwa mvivu."

Na nyumbani kwake je? Kila mchana alipanda kilima kutafuta mtandao ampigie shemeji. Sisi huku chini tunamsikia: "Mmepika nini leo? Wali na maharage!" Anatutangazia kama matokeo ya mpira. Mpishi wetu roho ikamuuma. "Sheikh, hata huku tumepika." "Nyinyi mmechemsha, bwana. Waliopika wako nyumbani."

Basi huyo ndiye mtu tuliyemzika. Ningeishia hapo mngepiga makofi, nami ningerudi kukaa. Lakini sikuja kwa ajili ya makofi.

Mnajua alivyovuliwa ukuu wa wajiolojia akaletwa kutunza stoo hii ya mawe tuliyokusanyika mbele yake. Wodi ya wazazi ilijengwa kwa kufuata ripoti yake ya ardhi, mvua za mwaka wa pili ukuta ukapasuka, kina mama wakatolewa na vichanga mikononi. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Ripoti ilisema mwamba mgumu uko juu, na udongo laini uko chini kabisa. Kumbe udongo ulikuwa juu, pale pale ulipokalia msingi. Walipomwita kumhoji alisema maneno matatu: "Sahihi ni yangu."

Ripoti ile ilitokana na mawe ya shimo namba kumi na tisa, kwenye kiwanja cha wodi. Na shimo hilo nililichoronga mimi.

Mawe yanayotoka shimoni hupangwa kwenye masanduku kama yalivyotoka, ya juu kwanza, ya chini mwisho. Sheria ya kambi hata mpishi anaijua: sanduku likianguka, lipigwe msalaba mwekundu na shimo lichorongwe upya. Siku ile wenzangu walikuwa wanabeba sanduku moja watu wawili. Mimi nikabeba mawili peke yangu, la pili na la saba, nionekane. Nikateleza kwenye tope nyuma ya gari, dereva ameenda kuchota maji, hakuna aliyeniona. Mawe yote chini. Nirudie shimo? Mimi, ambaye sijawahi kurudia shimo maishani? Nikayaosha, nikayapanga kwa macho, nikijiambia nayajua kama wanangu. Msalaba mwekundu sikupiga.

Marehemu akiwa humu stoo, mwaka wake wa nne, aliyatoa masanduku yale akaanza kuunganisha vipande. Jiwe lililovunjika lina ndugu yake mmoja tu; ukimpata, wanashikana kama meno. Akaona ndugu wa sanduku la pili wamelala sanduku la saba. Akanifuata.

"Kaka, masanduku haya yaliwahi kuanguka?"

"Mimi niangushe sanduku? Kawaulize hawa walioanza kazi jana."

"Nakuuliza wewe, kwa sababu neno lako nitaliamini."

"Basi liamini. Hayakuanguka."

Akaniangalia. Kisha akasema, "Haya, kaka. Twende nyumbani tukale." Nikaenda! Nikanawa, nikala, shemeji akaniongezea.

Hakumwonyesha mtu vipande vile. Angemwonyesha nani? Mtunza stoo akisema mawe yamekaa vibaya, si wataambiana kayageuza mwenyewe ajisafishe? Alihitaji shahidi mmoja, na shahidi alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nasifiwa kwa kutorudia shimo.

Alipolazwa nilikwenda nimwambie. Nikamkuta mdogo, mfupa na shuka. Badala yake nikamhadithia habari za mashine mpya mpaka muuguzi akanitoa. Siku ya tatu akafa.

Nisingesema hata leo, ndugu zangu. Ningekwenda nalo kaburini. Ila juzi nimesikia kwa masikio yangu, kwenye korido ya ofisi, kijana akimnong'oneza mwenzake, "Ripoti ya huyo ikaguliwe mara mbili. Si binti wa yule aliyepasua wodi?" Binti yetu alikuwa anapita. Alisikia. Aliinamisha kichwa kama mwizi.

Binti, inua kichwa. Baba yako alisoma sawasawa alichowekewa. Aliyekiweka vibaya ni mimi. Shemeji, msamaha siuombi leo. Ukiupata siku moja, utajua mwenyewe pa kuupeleka.

Mheshimiwa Mkurugenzi, faili la marehemu bado lina neno "uzembe". Natamka mbele ya watu wote hawa kwamba neno hilo ni langu, lihamishiwe kwenye faili langu. Vipande vile viko humu ndani, kila mhandisi aje aviunganishe kwa mkono wake. Mwite karani wako alete karatasi sasa hivi. Mwandiko wangu ni mbaya, lakini jina langu naweza kuliandika.

Nawashukuru kwa kunitegea masikio. Mshereheshaji, usinipokonye kipaza sauti, sikai chini. Namsubiri karani.